Koti la Fausto

Bacarra, Ilocos Norte
21 Septemba 2003

Shangazi Ambrosia,

Natia mkono wako kwenye paji la uso wangu kwa heshima, ingawa uko mbali. Mama anakusalimu. Binamu Temyong naye anakusalimu na anasema usimsahau kwa viatu, namba tisa, visiwe vyeupe.

Nilifika salama. Ndege tatu, kisha basi la mwendo wa saa kumi na mbili, na miguu imevimba mpaka leo. Baba nilimkuta barazani anamenya vitunguu saumu. Amekonda, Shangazi, lakini anakula. Kikohozi kipo. Daktari anasema ni pafu lake lile lile la siku zote. Aliponiona hakuniuliza habari za safari wala za mjukuu. Aliuliza, "Brosia amesemaje kuhusu koti langu?"

Nikamwambia, Baba, hapa jua linapasua mawe, koti la nini? Akasema, "Siku nikiitwa Kanada niende na fulana?" Wamemkataa mara mbili kwa ajili ya hilo pafu, na mzee bado anangoja kuitwa.

Basi nimempima, usije ukasema sikukusaidia. Humu ndani utakuta kamba. Fundo la kwanza mpaka la pili ni bega kwa bega. La pili mpaka la tatu ni urefu wa mkono. La mwisho ni kifua, na hapo ongeza kidogo, maana alivuta pumzi akajifanya mnene.

Sasa langu. Mimi nimekuja na ile karatasi tu niliyopewa siku nilipoingia Winnipeg mwezi wa saba. Unajua walivyotangaza: mwaka mpya ukiingia, ndege haimpandishi mhamiaji anayerudi Kanada mpaka aonyeshe kadi yenyewe ya ukaazi. Walisema watanitumia nyumbani kwako. Kila siku tazama sanduku la barua, nakuomba, na ikifika tu uniambie. Mume wangu Rodel yuko kazini melini mpaka mwakani. Krizelle hana mwingine ila wewe na mimi, na miaka mitano si umri wa kumwachia mtoto kumbukumbu. Asisahau sauti yangu. Simu nitapiga, lakini wewe husikii na yeye akishika anaimba kisha anakata.

Mwanao,
Jovita

*

Winnipeg
9 Oktoba 2003

Jovita mwanangu,

Barua imefika na kamba imefika. Mafundo umefunga kama mtu anayefunga mbuzi, lakini nimeyaelewa. Mama yako mwambie asikasirike, simwandikii peke yake kwa sababu macho hayanipi ruhusa ya barua mbili.

Sisi hatujambo. Theluji imeanguka mara moja ikayeyuka. Kiwandani wamepunguza watu tena. Mimi wamenibakiza, kwa kuwa katika ghorofa lote hakuna mwingine anayejua kushona mfuko wa ndani usioonekana. Miaka thelathini na moja ya vyerehani imenila masikio, mikono bado. Moyo walinipima Jumanne. Daktari kanipa vidonge na kusema nisishtuliwe. Nikamwambia nina mtoto wa miaka mitano ndani ya nyumba, hayo maneno amwambie yeye. Krizelle anakula, analala, na kila mlango ukigongwa anakimbia akidhani ni wewe. Nikimwambia bado, ananitazama kama mimi ndiye niliyekuficha.

Kadi yako imefika. Nimeifungua mwenyewe. Pichani umenuna, mtu angedhani Kanada wamekukosea. Umeshanikera kwa maswali kabla hujauliza, basi usiniulize iko wapi. Nawajua. Barua zangu mnazisoma barazani kwa sauti, na Temyong ana masikio marefu na marafiki wengi. Kadi kama hiyo ina wateja. Imo njiani, ndani ya boksi la zawadi zenu, na boksi limechukuliwa jana kupelekwa melini. Siku sitini.

Najua utasema kwa nini sikutuma kwa posta. Saa niliyomtumia baba yako Fausto mwaka 1988 ilifika kasha tupu limegundishwa vizuri. Na kumpa msafiri siwezi, huyu Lucing wa hapa mtaani alipewa pasipoti ya mwenzake akaisahau chooni uwanja wa ndege. Mahali nilipoiweka hakuna atakayethubutu kutia mkono, hata mkigombania boksi mkavunjana meno. Boksi likifika niandikie, ndipo nitakwambia mahali. Kwa hiyo usikimbilie kurudi na karatasi yako kabla ya mwaka mpya. Kaa umtunze ndugu yangu.

Na niambie ukweli, anaendeleaje? Nilimbeba mgongoni mpaka akawa mzito kuliko mimi. Usinifiche.

Shangazi yako,
Ambrosia

*

Bacarra
12 Desemba 2003

Shangazi,

Natia mkono wako kwenye paji langu. Unisamehe nimechelewa kuandika, hapa kumekuwa na wageni wengi. Mama anakusalimu. Hajisikii vizuri sana lakini amesimama. Moyo wako vipi? Vidonge unameza?

Boksi limefika tarehe tano. Temyong alilifungua kwa kisu cha kuchinjia nguruwe. Ndani ya saa moja sabuni zilikwisha, kahawa ilikwisha, taulo zikaenda kwa watu nisiowajua hata majina. Viatu vyeupe, Temyong amenuna na amevivaa. Koti peke yake halikuguswa, kwa kuwa ulilibandika jina la Baba kwa pini nne, na katika nyumba hii cha Baba ni cha Baba.

Alilivaa mchana ule ule. Limemkaa, Shangazi, bega halikupungua wala kuzidi. Alikaa nalo barazani jasho linamtoka, watu wakipita anawaita waje washike kitambaa. Mama akamwambia, "Vua, utakufa na joto." Akasema, "Niacheni, najizoeza."

Siku ya pili yake tulimvalisha tena, na tangu hapo hajalivua. Watu wamekuja kumwona hata kutoka mjini Laoag. Padri mwenyewe alikuja. Kila mtu amesifu mshono. Kikohozi kimekwisha kabisa. Sasa amepumzika.

Kadi sijaiona. Nimekata vipande sabuni mbili tulizojiwekea, nimemwaga kwenye sinia kahawa tuliyojiwekea, Mama amefungua makopo ya nyama saba na sasa tunayala mfululizo. Niambie iko wapi. Nilikuwa na nafasi kwenye ndege ya tarehe ishirini na mbili, na karatasi yangu ingetosha, ila ulisema nisikimbie, na Mama ananihitaji kidogo. Nimesogeza mpaka tarehe kumi na tisa Januari. Bila kadi siku hiyo sipandi.

Mbusu Krizelle kichwani, pale nywele zinapozunguka.

Jovita

*

Winnipeg
29 Desemba 2003

Mwanangu,

Barua yako imenikuta Krismasi yenyewe. Baridi ni digrii thelathini na moja chini ya sifuri, pua inaganda ukivuka barabara. Krizelle alikuwa malaika kanisani. Bawa moja lilimdondoka, akaliokota, akaendelea kuimba analo mkononi.

Nimeisoma barua yako mara sita. Kikohozi kimekwisha kabisa. Miaka ishirini na tano ya kile kikohozi, Jovita. Nililia mbele ya mtoto bila haya, nikawasha mshumaa wa shukrani, nikaoka keki ya mchele nikaigawa mpaka kwa yule jirani asiyenisalimu. Na watu wametoka Laoag kuona mshono wangu. Huku nashona makoti elfu kwa mwaka na hakuna hata mmoja anayejua jina langu.

Haya, sasa nakuambia. Barua hii anakuletea Lucing mkononi, na nimeifunga kwa uzi, akiifungua nitajua. Mwambie ndugu yangu avue koti dakika tano. Upande wa moyo kuna mfuko wa ndani. Chini ya mfuko huo, ndani ya bitana, kuna mfuko mwingine, na utauona kwa uzi mmoja mwekundu. Kata huo mmoja tu, usikate mwingine. Kadi yako imo humo, nimeizungushia plastiki jasho lisiingie. Ukishaitoa usishone wewe, mwachie hivyo hivyo, nitakuja kushona mwenyewe. Mwakani Mungu akipenda nakuja nimwone alivyonenepa.

Atalalamika, najua. Ndiyo maana nilichagua pale. Nilijua hakuna binadamu atakayemvua Fausto koti lile.

Shangazi yako

*

Bacarra
13 Januari 2004

Shangazi,

Isome umekaa. Kabla hujaendelea, mwite jirani, hata yule asiyekusalimu, akae karibu.

Baba amefariki. Amefariki tarehe sita Desemba, saa nne asubuhi, siku moja baada ya boksi kufika. Alikunywa kahawa yako, akasema chungu, akaomba alale kidogo. Tulimzika tarehe kumi. Tumemzika na koti lako.

Sina namna nyingine ya kuliandika, nimejaribu tangu jana. Mama alikataza usiambiwe mpaka arobaini ipite, kwa ajili ya moyo wako. Alisema utapanda ndege siku hiyo hiyo na tutazika wawili. Nami nikakubali. Kila nilichokuandikia kilikuwa kweli, Shangazi, na kila nilichokuandikia kilikuwa uongo. Nilijua ninachofanya.

Lucing alileta barua yako jana. Tulikuwa barazani, wanawake wamejaa wanaandaa chakula cha arobaini, wakasema soma, habari za Winnipeg. Nikasoma. Malaika na bawa wakacheka. Nilipofika pa mshumaa wa shukrani wote wakainamia vitunguu vyao, nikataka kuacha. Mama akasema, "Soma tu, mwanangu." Nikasoma mwambie ndugu yangu avue koti. Nikasoma upande wa moyo. Nikasoma uzi mwekundu, na hapo nikakoma. Kisu kilimtoka Mama kikaanguka kwenye beseni. Hakuna aliyekiokota.

Mimi nilikuwa naitazama karatasi, nasoma mstari ule ule, kana kwamba nikiurudia utasema mahali pengine. Mikono yangu mwenyewe, Shangazi. Nilimfunga vifungo kimoja kimoja. Nilipapasa kifua nikanyoosha kitambaa kisikunjamane. Nilihisi kitu kigumu kidogo nikasema moyoni, shangazi ameweka kitambaa kizuri, kinasimama.

Wa kwanza kusema alikuwa Temyong. "Kaburi ni la saruji ya mwezi mmoja tu. Nina nyundo. Nusu saa."

Mama hakugeuka. "Atakayemtoa mume wangu anitoe na mimi."

Temyong akamwambia, "Si kumtoa. Tunatia mkono tu."

"Basi anza kwa kutia mkono kwangu uone."

Manispaa nao wanasema kaburi halifunguliwi mpaka miaka mitano. Nimeuliza huku najua nitakachojibiwa. Ndege ni Jumatatu ijayo na sitaipanda.

Najua ulivyoniambia usinifiche. Tukane, lakini uandike. Na Krizelle usimwambie kitu.

Jovita

*

Bacarra
20 Februari 2004

Shangazi,

Natia mkono wako kwenye paji langu, kama bado unaniruhusu.

Bahasha yako imefika. Nimeitikisa, nimeichana mpaka gundi, barua hamna. Mna mchoro wa Krizelle tu: nyumba, theluji, na watu wawili mlangoni, mmoja mkubwa mmoja mdogo. Nimehesabu mara nyingi. Ni wawili. Nimeuelewa ujumbe hata kama hukuutuma wewe.

Nina mawili ya kukuambia, na sitaficha tena hata liwe baya.

La kwanza. Nilikwenda makaburini na nyundo ya Temyong. Ilikuwa mchana wa saa saba, watu wote ndani kwa sababu ya jua. Nilikuwa nimepokea mchoro asubuhi ile. Nilipiga pale kichwani, mara moja, na saruji ikatoa ufa wa urefu wa kidole. Nikasikia mlio wake ndani. Kuna uwazi mle, Shangazi, unarudisha sauti. Niliitupa nyundo nikarudi nyumbani. Kesho yake nilipita, nikakuta ufa umepakwa chokaa, na Mama jikoni ana chokaa kwenye kucha. Tulikula.

La pili. Nimekwenda Manila kwenye ubalozi wa Kanada, kuomba hati ya kusafiria ya mkaazi asiye na kadi. Foleni ilianza nje. Mwanamke wa dirishani alikuwa mpole, ana miwani ya kamba. Akatazama fomu yangu.

"Hapa pa kupotea kwa kadi hujajaza."

"Haijapotea."

"Iko wapi?"

"Kwenye koti la baba yangu."

"Basi dada, si umwombe akupe? Hii hati ni kwa wasioweza kuipata kadi."

"Amezikwa nalo."

Aliweka kalamu chini. Akanitazama, akatazama watu nyuma yangu, akavua miwani. Akaniuliza polepole kwa nini nilimzika na kadi yangu. Nikamweleza yote, boksi, pini nne, uzi mwekundu, moyo wako, arobaini. Mzee aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Maria mtakatifu." Yule mwanamke akasema kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa, amesikia hati zilizoliwa na mbuzi, zilizofuliwa, zilizoibwa na waume. Hili hajasikia. Akasema niandike kama nilivyosema, niambatishe cheti cha mazishi na ile karatasi ya kuingia, barua yako nayo. Barua ya Krismasi, Shangazi. Imebidi nimwachie. Alipoishika aliikunja kwa adabu.

Hakuniahidi kitu. Wakikataa, sijui nitamfikiaje mtoto wangu. Niandikie hata matusi.

Jovita

*

Winnipeg
29 Machi 2004

Jovita,

Sikuandika kwa sababu nilikuwa sina la kuandika ambalo ningeweza kulirudisha. Wazee walisema mficha ugonjwa kifo humuumbua. Ninyi mmeficha kifo chenyewe, mkaniacha mimi nimeumbuka. Siku nawasha mshumaa wa furaha ndugu yangu alikuwa na siku kumi na tisa tangu afe. Niligawa keki. Watu wa mtaa mzima walikula keki ya msiba wakinipongeza. Mama yako mwambie moyo wangu haukupasuka, lakini si kwa sababu yenu.

Nilipoisoma ile barua jirani alikuwapo, yule asiyesalimu. Nilimwita kama ulivyosema. Alinishika mkono kwa muda wa saa mbili bila kusema neno, kumbe ndivyo alivyo.

Mchoro ni Krizelle aliyenipa nikuwekee. Mimi ndiye niliyeshindwa kuweka barua. Hao wawili mlangoni ni wewe na yeye. Mimi, amesema, niko ndani nashona, ndiyo maana sionekani. Ungeuliza kabla ya kuchukua nyundo.

Nami nina langu la kusema, na nitalisema mara moja. Nilitaka kadi iwe mahali salama, lakini pia nilitaka uendelee kukaa. Nilijua ukiwa nayo mkononi utarudi mbio, na Fausto atabaki na Mama yako peke yake. Nilikuzungusha. Kama ningekwambia Oktoba, ungeitoa kabla hajavaa. Kwa hiyo usijipige kifua peke yako. Wewe ulificha mtu, mimi nilificha kadi, na vyote viwili vimekwenda shimo moja.

Jana simu ililia. Krizelle alishika. Kwa mara ya kwanza hakuimba. Alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akaweka chini, akaja kunipigia kelele sikioni: "Mama amepewa karatasi. Anakuja baada ya Pasaka." Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia tena. Akasema, "Bibi, wewe husikii au hutaki kuamini?"

Njoo. Amekua sentimita mbili, na mara mbili ameniita mama kwa bahati mbaya, akajisahihisha mwenyewe. Fanya upesi kabla hajaacha kujisahihisha.

Kadi nyingine tutaiomba upya. Iliyo kule iache. Usimguse tena ndugu yangu, wala Temyong asimguse. Kila jioni namwekea Fausto sahani yake hapa, kama tunavyowawekea marehemu wetu, wali na samaki mdogo wa chumvi, na leo nilipokuwa naiweka nimefikiri. Walimkataa mara mbili kwa ajili ya pafu. Sasa ana koti la baridi na ana kadi ya Kanada kifuani, na hayupo afisa wa kumpiga picha ya kifua. Picha ya kwenye kadi ni yako umenuna, lakini mnafanana, na yeye pia alikuwa anajua kununa.

Ukienda kumuaga kabla ya safari, mwambie imo upande wa moyo, chini ya mfuko, uzi mwekundu. Sikumwambia. Asije akaitwa huko halafu akahangaika kuitafuta.

Shangazi yako,
Ambrosia